Kuukadiria mkia usioonekana: ushauri kwa wanaoanza kazi ya thamani za kupindukia

Unapewa vilele vya mwaka vya usawa wa bahari, miaka 65 mfululizo, kisha unaulizwa ukuta wa kuzuia maji uwe na kimo gani ili bahari iuvuke, kwa wastani, mara moja tu katika miaka 1,000. Data zako hazijafika hata sehemu ya kumi ya muda huo. Jibu lazima livuke mpaka wa ulichokiona, na nadharia ya thamani za kupindukia ndiyo njia ya kuuvuka mpaka huo kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Fomula zake ni chache na utazijifunza katika wiki moja. Kinachochukua miaka ni kujua ni wapi zinadanganya. Wanaoanza wengi hukwama kwenye data kabla ya fomula, au kwenye maelezo ya matokeo baada ya fomula. Maeneo hayo mawili ndiyo yatachukua sehemu kubwa ya ushauri huu.

Kwanza msingi, kwa kifupi. Ukijumlisha vipimo vingi visivyotegemeana, wastani wake huelekea mgawanyo wa kawaida. Ukichukua kilele chake badala ya wastani, unapata hadithi nyingine. Fréchet mwaka 1927, Fisher na Tippett mwaka 1928, kisha Gnedenko mwaka 1943 aliyekamilisha uthibitisho, walionyesha kwamba kilele kilichorekebishwa kwa kutolewa namba moja na kugawanywa kwa nyingine, kikiwa na mgawanyo wa kikomo unaoeleweka, kinaweza kuangukia kwenye familia 3 tu: Gumbel, Fréchet na Weibull iliyogeuzwa. Familia hizo huandikwa pamoja kama mgawanyo mmoja, unaoitwa GEV, wenye parameta 3: μ ya mahali, σ ya ukubwa wa mtawanyiko na ξ ya umbo la mkia.

Tazama neno "kikiwa" katika sentensi hiyo. Si kila mgawanyo una kikomo. Poisson na jiometriki hazina, kwa hiyo ukihesabu matukio machache kwa siku na kuchukua kilele cha mwaka, usitarajie nadharia ikubebe. Na hata pale kikomo kipo, mwendo wa kukifikia hutofautiana. Kilele cha data za mgawanyo wa kawaida huelekea Gumbel polepole mno, kwa kasi ya 1/ln n, ambapo n ni idadi ya vipimo. Kwa sampuli za ukubwa wa kawaida, data hizo zitakupa ξ iliyo hasi kidogo ingawa thamani yake ya kikomo ni 0.

ξ ndiyo kazi yenyewe

Ukiweza kuishika parameta moja tu kichwani, ishike hii. ξ ikiwa hasi, mkia una mwisho: kuna thamani isiyoweza kuvukwa, nayo ni μ − σ/ξ. Ikiwa 0, mkia hushuka kwa kasi ya kieksponenti. Ikiwa chanya, mkia ni mzito, hushuka kama nguvu ya x, na hapo mambo hubadilika: kuanzia ξ = 0.5 varianzi haina kikomo, na kuanzia ξ = 1 hata wastani hauna kikomo. Mgawanyo wa Kauchi una ξ = 1. Student t yenye digrii ν za uhuru ina ξ = 1/ν. Katika kazi za kila siku, kasi ya upepo mara nyingi hutoa ξ hasi kidogo, mvua ya siku huelekea upande chanya katika ujirani wa 0.1, na mapato ya kila siku ya hisa huangukia mara nyingi kati ya 0.2 na 0.4. Ukipata ξ = 0.6 kwenye upepo au −0.3 kwenye hasara za hisa, usifurahie ugunduzi. Rudi kwenye data.

Kuna mtego wa alama ambao umeharibu kazi nyingi. Wanahaidrolojia wanaofuata maandishi ya Hosking hutumia κ, ambayo ni −ξ. Kifurushi cha scipy katika Python nacho hutumia c = −ξ kwa GEV, lakini kwa mgawanyo wa Pareto wa jumla kifurushi hichohicho hutumia c = ξ. Vifurushi vya R kama ismev, evd na extRemes hutumia ξ yenyewe. Usitegemee kumbukumbu. Kila unapoanza kutumia programu mpya, tengeneza data za kujaribia: chota thamani 365 za Student t yenye digrii 4, chukua kilele, rudia mara 2,000, kisha kadiria. Ukiona takriban 0.25, alama ni ya ξ. Ukiona takriban −0.25, igeuze. Jaribio hili ni la dakika chache, na linakuepusha na kosa la kuugeuza mkia mzito ukawa mkia wenye mwisho.

Kabla ya kugusa fomula

Katika uchambuzi wa wastani, kipimo kimoja kibovu kati ya elfu humezwa na vingine. Hapa, kipimo hichohicho kikiwa juu kabisa ndicho kinachoamua jibu. Kwa hiyo chukua thamani 10 kubwa kuliko zote na uzikague moja baada ya nyingine: tarehe, saa, vituo vya jirani, kumbukumbu za mtunza kituo. Thamani ya kupindukia isiyoonekana kwenye kituo chochote cha jirani inahitaji maelezo. Lakini usiifute kwa sababu ni kubwa tu. Sheria za kuondoa "thamani zilizojitenga", kama ile ya kukata kila kitu kilichozidi michepuko sanifu 3, hazina nafasi hapa, maana zinakata kilekile ulichokuja kukitafuta.

Mapengo yana ubaya wa aina yake. Anemomita hung'olewa na dhoruba kubwa, si na upepo mwanana. Kipimo cha mto husombwa siku ya mafuriko. Mwaka wenye pengo la siku 12 unaweza kuwa umekosa siku ileile iliyokuwa na kilele chake, na ukiutumia kama mwaka kamili unaupindisha mkia kuelekea chini. Hesabu asilimia ya siku zilizopo katika kila mwaka na uweke mpaka, kwa mfano asilimia 90 au 95, kisha uliza kila pengo lilianza vipi.

Kwa mito kuna jambo la ziada. Mtiririko mkubwa mara nyingi haukupimwa moja kwa moja. Ulipatikana kwa kurefusha mchoro wa uhusiano wa kina na mtiririko kupita kipimo cha juu kabisa kilichowahi kufanyika. Kilele unachokiita data ni makadirio yenye kosa lake, pengine asilimia 20 au zaidi, nalo huongezeka kadiri mto unavyofurika. Uliza mchoro huo ulipimwa hadi wapi.

Mvua ina mkosi wa saa. Mvua ya siku iliyosomwa saa 3 asubuhi hukata dhoruba moja vipande viwili, kwa hiyo kilele cha siku ya kalenda ni kidogo kuliko kilele cha saa 24 zozote. Kizidishi kinachotumiwa sana kurekebisha hilo ni 1.13. Usichanganye mfululizo uliorekebishwa na usiorekebishwa katika hesabu moja.

Chagua mwanzo wa mwaka wako kwa busara. Kama msimu wa mvua unaangukia Desemba na Januari, mwaka wa kalenda unaweza kuchukua vilele viwili kutoka msimu mmoja, na hata kutoka dhoruba moja. Anza mwaka katikati ya kiangazi.

Kisha uliza vilele vyako vimetokana na nini. Pwani inayopigwa na dhoruba za kawaida kila mwaka na kimbunga cha kitropiki mara moja kwa miaka kadhaa ina makundi mawili ya data ndani ya safu moja. Ukiyalazimisha kwenye GEV moja, mkunjo utafuata dhoruba za kawaida kwa sababu ni nyingi, na vimbunga vitaonekana kama bahati mbaya. Tenganisha, kadiria kila kundi peke yake, kisha zidisha uwezekano wa kutovukwa: F(z) = F₁(z) × F₂(z), kama makundi hayategemeani. Usawa wa bahari nao una sehemu mbili. Kujaa na kupwa, pamoja na bamvua, kunaweza kutabiriwa kwa usahihi mkubwa. Msukumo wa dhoruba hauwezi. Kama una data za kila saa, itoe sehemu inayotabirika na umodeli mabaki.

Mfano wa kuhesabu kwa mkono

Vilele vya mwaka vya usawa wa bahari huko Port Pirie, Australia, kuanzia 1923 hadi 1987, vimo ndani ya kifurushi cha ismev, kwa hiyo kila mwanafunzi anaweza kuvitumia kujipima. Ni miaka 65. Ukikadiria kwa njia ya uwezekano wa juu, yaani kuchagua parameta zinazoyafanya yaliyotokea yawe na uwezekano mkubwa wa kutokea, unapata μ = 3.87, σ = 0.198 na ξ = −0.050. Makosa sanifu ni 0.028, 0.020 na 0.098.

Kiwango cha marejeo cha miaka T, yaani kimo kinachovukwa kwa wastani mara moja katika miaka T, ni

z = μ + (σ/ξ) × [y^(−ξ) − 1], ambapo y = −ln(1 − 1/T).

Kwa T = 100, y = 0.01005. Ipandishe kwa nguvu ya 0.05 upate 0.7945. Toa 1, zidisha kwa σ/ξ ambayo ni −3.96, ongeza 3.87: mita 4.68. Kompyuta yenye tarakimu zote itakupa 4.69. Usipopata namba hii, una kosa la alama au la fomula, nalo lipatikane kabla hujaendelea.

Sasa tazama kosa sanifu la ξ, 0.098. Ni karibu mara mbili ya ξ yenyewe. Data hizi haziwezi kukuambia kama mkia una mwisho, hauna, au ni mzito. Chukua μ na σ zilezile, ubadilishe ξ kutoka −0.05 hadi 0.1, ambayo bado imo ndani ya makosa sanifu 2. Kwa miaka 100 jibu linatoka mita 4.68 hadi 5.03. Kwa miaka 1,000 linatoka 5.03 hadi 5.84. Tofauti ya sentimita 80 kwenye kimo cha ukuta, na data zote 65 hazikubadilika hata moja. Hesabu hii ifanyeni kwa mkono mara moja angalau, kwa sababu inafundisha kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Kutokana na hilo hutokea kishawishi: "ξ haitofautiani na 0 kitakwimu, basi nitumie Gumbel." Masafa ya uhakika yatakuwa membamba na mchoro utapendeza. Huo wembamba umeununua kwa kudai kwamba unaijua ξ, na huijui. Mnamo Desemba 1999 mvua kubwa ilianguka kwenye pwani ya Vargas, Venezuela, na kituo cha Maiquetía kilipima takriban milimita 410 kwa siku moja. Kwa Gumbel iliyokadiriwa kwa vilele vya miaka ya nyuma, tukio hilo lilionekana la kujirudia mara moja katika mamilioni ya miaka. Mfano unaosema kwamba kilichotokea hakiwezi kutokea umekosea, na hapa kosa lilikuwa kufunga ξ kwenye 0. GEV kamili kwa data zilezile ilitoa masafa mapana yenye uaminifu zaidi. Tumia GEV, uonyeshe upana. Gumbel itumike pale tu kuna sababu ya kimaumbile au ya vituo vingi, na sababu hiyo uiandike.

Masafa yenyewe yasiwe "kadirio jumlisha au toa makosa sanifu 1.96". Kwa viwango vya juu, kutojua kwetu kuna umbo la kuegemea juu. Kwa Port Pirie, njia hiyo ya ulinganifu hutoa takriban mita 4.38 hadi 5.00 kwa miaka 100, wakati profaili ya uwezekano, inayobakiza kila thamani ya kiwango ambayo data hazijaikataa, hutoa 4.50 hadi 5.27. Upande wa juu, unaomhusu mjenzi, umeongezeka sentimita 27. Tumia profaili. Kuchota upya sampuli kutoka kwenye data zenyewe nako hupunguza upana isivyostahili mkia ukiwa mzito, kwa kuwa sampuli mpya haiwezi kuwa na thamani kubwa kuliko ile uliyokwisha kuiona. Chota kutoka kwenye mgawanyo uliokadiriwa.

Vizingiti

Kuchukua thamani moja kwa mwaka ni kutupa data nyingi. Mwaka mmoja unaweza kuwa na dhoruba 4 zinazozidi kilele cha mwaka unaofuata. Balkema na de Haan mwaka 1974, na Pickands mwaka 1975, walionyesha kwamba ziada juu ya kizingiti u kilicho juu vya kutosha hufuata mgawanyo wa Pareto wa jumla, GPD, wenye ξ ileile ya GEV na σᵤ = σ + ξ(u − μ).

Kizingiti ndicho kinachowasumbua watu. Kikiwa chini mno, unaingiza data ambazo si za mkia na ξ inapinda. Kikiwa juu mno, unabaki na ziada 15 na masafa yasiyo na maana. Kuna michoro miwili ya kusaidia. Wa kwanza ni wa wastani wa ziada: kwa GPD wastani huo ni mstari ulionyooka katika u wenye mteremko ξ/(1 − ξ), ikiwa ξ ni chini ya 1. Tafuta u ya chini kabisa ambayo kuanzia hapo mstari unanyooka, na usisome ncha ya kulia, ambako pointi hutokana na ziada 3 au 4. Wa pili huonyesha ξ na σᵤ − ξu kwa vizingiti vingi. Tafuta eneo ambako zote mbili zimetulia. Michoro hii inahitaji jicho, na macho mawili hayasomi sawa. Dawa ni kuripoti matokeo kwa vizingiti 3 hadi 5. Kiwango cha miaka 100 kikiruka kwa asilimia 30 unapohama kutoka asilimia ya 95 hadi ya 97, msomaji ana haki ya kujua.

Kosa la kukadiria ξ kwa ziada k ni takriban (1 + ξ)/√k. Kwa ξ = 0.1 na ziada 90, ni 0.116. Kulipunguza nusu kunahitaji ziada 360. Fahamu hili kabla hujaahidi usahihi wowote.

Dhoruba moja ya saa 30 itakupa vipimo 20 vya saa vilivyovuka kizingiti, vyote vikisema jambo lilelile. Hivyo si vipimo 20 huru. Weka kanuni: ziada mbili ni za kundi moja kama kati yake hakuna angalau saa r mfululizo chini ya kizingiti, kisha chukua kilele cha kila kundi. Kwa mawimbi na upepo watu huanza na saa 48. Kwa mto mkubwa unaopanda na kushuka polepole, r inaweza kuwa wiki kadhaa. Jaribu thamani 3 za r. Uwiano wa idadi ya makundi kwa idadi ya ziada ndio makadirio ya fahirisi θ; θ = 1/3 maana yake ziada huja tatu tatu kwa wastani.

Kiwango cha marejeo ni z = u + (σᵤ/ξ) × [(λT)^ξ − 1], na λ ni idadi ya makundi kwa mwaka. Tuseme u = 50, σᵤ = 10, ξ = 0.1, makundi 3 kwa mwaka. Kwa T = 100 unapata 126.9. Mtu akisahau makundi na kuweka ziada zote 9 kwa mwaka, anapata 147.4. Katika upande huu kosa linaongeza gharama, lakini makosa sanifu yanayotokana na kuhesabu kila ziada kama huru yatakuwa madogo kuliko ukweli, na huko ndiko hatari iliko.

Angalia pia hatua ambazo kipimo chenyewe kiliandikwa kwazo. Upepo ulioandikwa kwa fundo nzima una thamani zinazorudiwa mara nyingi, na kizingiti kikiwekwa sawasawa na thamani inayorudiwa, ξ huyumba. Kiweke katikati ya hatua mbili, kwa mfano 30.5.

Programu ikigoma

Usipochunguza, programu inaweza kukupa namba hata ilipokwama. Soma ujumbe wa mwisho wa utafutaji. Njia ya uwezekano wa juu ina tabia zake njema za kawaida ξ ikiwa juu ya −0.5, jambo alilolionyesha Smith mwaka 1985. Chini ya −1 hakuna kilele cha kutafuta. Ukikwama, anza na Gumbel: σ = 0.78 × mchepuko sanifu, μ = wastani − 0.577σ, ξ = 0.1. Kama data ziko katika maelfu ya mita za ujazo kwa sekunde, zigawe kwa 1,000 kwanza. Tofauti kubwa ya ukubwa kati ya σ na ξ huzisumbua programu nyingi za utafutaji.

Kwa miaka 20 au 25, uwezekano wa juu unaweza kurusha ξ hadi 0.7 au −0.6 bila aibu. L-momenti, yaani muhtasari wa data unaotokana na kuzipanga kwa ukubwa, zilizoelezwa vizuri na Hosking mwaka 1990, hutulia zaidi kwa sampuli ndogo, ila haziingizi vigezo kama muda kwa urahisi. Njia ya kati ni kuongeza kwenye hesabu adhabu inayoiweka ξ kati ya −0.5 na 0.5. Bora kuliko zote, pale inapowezekana, ni kukopa nguvu ya majirani: vituo 15 vya eneo moja vikishiriki ξ moja, kosa lake hupungua sana.

Kagua mfano kwa mchoro wa kwantaili, unaolinganisha thamani zilizoonekana na zile ambazo mfano unazitarajia, ukitumia nafasi i/(n + 1), na uongeze mpaka wa uigaji. Pointi moja ya juu kutoka nje ya mstari si ushahidi wa ubaya. Pointi 8 za juu zote kuwa juu ya mstari ni ushahidi.

Kikadiriaji cha ξ cha Hill, cha mwaka 1975, kinapendwa kwa urahisi wake, lakini kinafanya kazi kwa ξ chanya peke yake, na ukiongeza namba moja isiyobadilika kwenye data zote jibu lake hubadilika. Usikitumie kwenye nyuzi joto, ambazo sifuri yake ni ya makubaliano.

Data zinapohama

Bahari ikipanda na mji ukisambaza lami juu ya bonde, mwaka 1950 na mwaka 2020 si ndugu. Anza kwa kuiachia μ ibadilike: μ(t) = μ₀ + μ₁t. Linganisha na mfano usio na mwelekeo: mara mbili ya tofauti ya logi za uwezekano ikizidi 3.84, mwelekeo unaonekana katika kiwango cha asilimia 5. Ukihitaji, iachie pia ln σ. ξ iache ilivyo, kwa maana data zisizoweza kukuambia ξ moja hazitakuambia ξ inayobadilika. Na mwelekeo wa mstari uliokadiriwa kwa miaka 60 usiurefushe miaka 100 mbele. Pale inapofaa, tumia kigezo chenye maana ya kimaumbile badala ya mwaka, mfano wastani wa usawa wa bahari.

Ukishaingiza mwelekeo, "kiwango cha miaka 100" hakina maana moja tena. Andika badala yake uwezekano wa kuvukwa angalau mara moja katika maisha ya jengo, kwa mfano 2025 hadi 2075, kwa kuzidisha uwezekano wa kutovukwa wa kila mwaka.

Hata bila mwelekeo, msemo huo hupotosha. Tukio la miaka 100 lina uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama lilitokea mwaka jana. Katika miaka 30 uwezekano wa kulipata angalau mara moja ni asilimia 26, katika miaka 50 ni 39.5, na katika miaka 100 ni 63. Mpe mwenye jengo namba hizi, kwa muda wa jengo lake. Mafuriko ya tarehe 1 Februari 1953 yaliua watu 1,836 Uholanzi, maji yakifika mita 3.85 huko Hoek van Holland. Tume iliyoundwa baadaye ilipanga kwa uwezekano wa 1 kwa 10,000 kwa mwaka, mita 5 mahali hapo. Ni namba ndogo ya kuogofya kwa hesabu ya mwaka mmoja. Kwa kizazi kinachoishi miaka 80 chini ya usawa wa bahari ni asilimia 0.8.

Fedha, bima, vifaa

Mapato ya hisa yana siku tulivu na siku za mtikisiko zinazofuatana, hivyo kukadiria mkia moja kwa moja hukupa wastani wa hali mbili. Njia ya McNeil na Frey ya mwaka 2000 ni kupitisha data kwanza kwenye mfano wa GARCH, unaofuata jinsi mtikisiko unavyobadilika siku hadi siku, kuchukua mabaki yaliyosanifishwa, na kuweka GPD kwenye mabaki hayo. Kwa siku 1,000 wao walitumia ziada 100. Ukishapata VaR, yaani hasara inayovukwa kwa uwezekano mdogo uliouchagua, wastani wa hasara inayoizidi ni (VaR + σ − ξu)/(1 − ξ). Ona kigawanyo: ξ ikikaribia 1, namba hulipuka.

Katika bima, data za madai ya moto za Denmark za 1980 hadi 1990 ni shule nzuri. Kwa kizingiti cha krona milioni 10 zinabaki ziada 109 na ξ karibu 0.5. Hapo varianzi iko ukingoni, kwa hiyo bei ya bima inayotegemea mchepuko sanifu itayumba kila dai kubwa jipya likiingia. Angalia mfumuko wa bei: madai ya miaka tofauti yaletwe kwenye thamani ya mwaka mmoja kabla ya kizingiti chochote.

Kwa nguvu ya vifaa unatafuta thamani ndogo, kwa kuwa mnyororo hukatika kwenye pete dhaifu. Geuza alama ya data, kadiria, kisha rudisha alama. Weibull inapotumika, kumbuka kwamba urefu una athari: waya wa mita 10 ni kilele, kwa alama iliyogeuzwa, cha vipande 10 vya mita 1, na hudhoofika ipasavyo.

Hatari mbili kwa pamoja

Mto ukifurika wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda. Hapa wengi huchukua koefishenti ya uhusiano ya data zote, tuseme 0.6, na kuiweka kwenye kopula ya kawaida, yaani kielelezo cha mshikamano wa vipimo viwili kilichotokana na mgawanyo wa kawaida. Kopula hiyo, kwa uhusiano wowote ulio chini ya 1, huyafanya matukio mawili yatengane kadiri unavyopanda: χ, yaani uwezekano wa moja kuvuka kwantaili q ikiwa jingine limeivuka, huelekea 0 q ikielekea 1. Kama maumbile hayatengani, utakuwa umepunguza hatari kwa mara nyingi bila kuona. Kopula ya Gumbel hufanya kinyume, hulazimisha mshikamano hadi mwisho. Chora χ kwa q kutoka 0.80 hadi 0.98 pamoja na masafa yake. Ikitulia juu ya 0, tumia mfano wenye mshikamano wa mkia. Ikiendelea kushuka, tumia mfano unaoruhusu kutengana polepole, na kasi ya kushuka uikadirie kutoka kwenye data. Masafa yakiwa mapana kiasi kwamba huwezi kuchagua, hesabu kwa mifano yote miwili na umpe mhandisi namba zote mbili, ukimwonyesha ni ipi inayoongeza kimo cha lango la maji na kwa kiasi gani.